Usiseme "Anasema"

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo nyingine umfikishie Baba hapo alipo kwenye kiti chake cha kamba, maana najua unaisoma hii kwa sauti na yeye amekutegea lile sikio lake zuri. Natumaini magoti yako yametulia tangu baridi ipungue, na kwamba dawa ya macho Baba anawekewa na mtu, siyo kujimwagia shavuni mwenyewe kisha kudai imeingia. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na mahakamani bado wananitumia kama mkalimani wa pekee duniani, mpaka mate yananikauka. Lile dirisha la chumba changu lililokuwa halifungiki limetengenezwa. Sasa halifunguki.

Mwambie Baba kasuku wake anamsalimu sana, na bado ana mdomo uleule.

Baba, salamu zako zimeishia hapo. Yanayofuata ni mambo ya wanawake, na unajua mwenyewe huwa unayakimbia. Mama, nyamaza sasa. Soma kimya kimya mpaka mwisho, na huko mwisho nitakuambia la kufanya. Ningepiga simu, lakini simu ya hapo nyumbani mnaiweka sauti ya juu hata anayepita njiani anajua jana nimekula nini.

Shangazi anakuja kwenu Jumamosi. Atasema amekuja kusaidia maandalizi ya ibada ya Baba ya kuaga, na atamenya viazi na kufua mapazia kama kawaida yake, lakini ana jambo langu mdomoni. Unamjua wifi yako. Jambo likilala kwake usiku mmoja, linaamka limeota miguu. Ndiyo maana barua hii nimempa jirani yangu muuguzi, anayetangulia Alhamisi, na nimemsihi asipitie kwa mtu kabla hajaiweka mkononi mwako. Nataka Baba asikie kwangu kabla hajasikia kwa dada yake. Na nataka asikie kabla sijasimama naye mimbarani, kwa sababu bado anataka nisimame naye, sivyo? Mara ya mwisho aliniambia mahubiri yake ya kuaga hayatatafsiriwa na mtu mwingine, na kama sitakuja basi wageni wakae tu wamtazame anavyochezesha mikono. Nilicheka. Baada ya kukata simu nilikaa sakafuni.

Mama, unakumbuka nilivyoanza. Kiwanda kilipofunguliwa na watu kuja kutoka mbali, wasiojua neno la lugha yetu, yule mzee wa kanisa aliyepewa kazi ya kutafsiri kwa Kiswahili alikuwa akimpunja Baba: Baba akisema maneno ishirini, yeye anatoa manne na kikohozi. Nilikuwa darasa la tano, nikacheka kwa sauti, ukanifinya paja mpaka leo nalikumbuka. Baba badala ya kunichapa akanisimamisha kwenye kreti ya soda pembeni yake Jumapili iliyofuata, nifanye mimi niliyejiona najua. Nikaanza kwa mbwembwe zote kwamba anasema Mungu ni mwema, anasema alikuwa amepotea, anasema ameonekana. Tuliporudi nyumbani akaniketisha. Aliniambia mkalimani hana neno "anasema". Mhubiri akisema "mimi", na wewe sema "mimi", hata kama ni jambo zito, hata kama ni la aibu. Ukisema "anasema" umejivuta pembeni, umemwacha mwenzio peke yake mbele za watu.

Ikawa sheria ya nyumba nzima. Hata mezani mdogo wangu akitumwa kuja kwako akisema Baba anasema umwongezee mchuzi, tulimzomea, mpaka akawa anakuja amejitutumua kifua na kudai, kwa sauti nene, kwamba yeye ndiye mchungaji na anataka mchuzi. Na sheria hiyohiyo ndiyo iliyonipatia kazi. Siku ya usaili wenzangu wote walikuwa wa anasema, anasema. Mimi peke yangu nilisema "mimi". Tangu hapo nimeiba, nimepiga, nimechoma nyumba, na sikuwepo kabisa siku ya tukio. Hakimu hunitania kwamba kwa niliyokwisha kukiri mbele yake, ningepaswa kuzeekea gerezani.

Sasa sikiliza kilichotokea kanisani huku. Alikuja mhubiri mgeni, mzee aliyesoma na Baba chuo cha uchungaji, Kiswahili chake ni cha kuungaunga. Mchungaji wetu akaniomba nimtafsirie. Nilipanda kama ninavyopanda siku zote. Akasalimu, nikasalimu. Akatania kuhusu urefu wa safari, nikatania, watu wakacheka. Kisha akafika mahali pake penyewe. Akaweka mkono kifuani akasema kwa lugha yetu kwamba yeye anamjua aliyemwokoa, kwamba anaamini, na kwamba hata wakimkata vipande ataamini. Nikafungua mdomo kusema "naamini". Mama, neno halikutoka. Lilikuja mpaka kwenye meno likarudi. Watu wananitazama, yule mzee ananisubiri, na nikasikia sauti yangu ikisema: anasema anaamini.

Hakuna aliyeitikia amina. Mpiga kinanda akainua kichwa. Nilijikaza nirudi kwenye njia, lakini kila sentensi ilitoka na "anasema" yake mbele, anasema amesamehewa, anasema ana amani, mpaka yule mzee, ambaye Kiswahili hicho kidogo anakielewa, akageuka akanitazama. Hakukasirika. Alinitazama kama mtu aliyeshikwa mkono gizani kisha akaachiwa. Akafupisha mahubiri. Shangazi alikuwa benchi la pili, alishavua miwani na kuifuta, kuivaa, na kuivua tena.

Alikuja chumbani kwangu jioni ya kesho yake, hakubisha hodi. Akakaa kitandani, akaniuliza kama nina mimba. Nikamwambia sina. Akaniuliza kama nimepata mwanamume wa dini nyingine. Nikamwambia ningempata wa dini yoyote ningeshamleta nyumbani niepukane na maswali yenu. Hakucheka. Akasema basi kama siyo tumbo na siyo mwanamume, ni nini hicho kilichonikaa kooni mbele ya kanisa zima, binti wa mchungaji, niliyekuwa nikisema "mimi" tangu sijaota matiti? Nikatafuta uongo. Kazi yangu ni maneno, Mama, na sikupata hata moja. Nilimtazama tu, naye akaelewa. Akaanza kulia, akashuka kitandani akapiga magoti, akanivuta nipige naye. Sikupiga. Nilisimama tu nimeshika mlango. Akanyanyuka, akajipangusa kanga, akasema hataniruhusu nimtie kaka yake aibu siku yake ya mwisho mimbarani, na kwamba atamwambia kwa kinywa chake ili apate muda wa kuniombea na kutafuta mkalimani mwingine.

Kwa hiyo ninaogopa. Nimeogopa wiki nzima. Shangazi hatasema uongo, lakini atakuja na machozi na neno "ameharibikiwa", na Baba, asiyeuona uso wangu tena, atakaa gizani na neno hilo.

Lakini jambo lenyewe halikuanzia kanisani. Huko lilionekana tu. Lilianzia mahakamani, na hili hata Shangazi halijui. Moja ya kazi zangu ni kuapisha mashahidi. Kuna Biblia ile ya mahakama, jalada limelainika kwa viganja vya watu, karani ameibandika karatasi ya gundi mgongoni. Namkabidhi shahidi, nasema maneno, anayarudia. Siku moja akaja fundi viatu, mzee, anayesema lugha yetu tu. Kesi ilikuwa ya wizi wa cherehani duka la jirani yake. Nikamkabidhi kitabu, akakirudisha mezani taratibu, kwa heshima, akakinyoosha kisikae upande. Akasema atasema kweli, lakini hana wa kumwapia. Alikuwa naye zamani, akasema, na kwa sasa hana, na asingependa kuanza ushahidi wake kwa kusema uongo.

Hakimu akaniangalia nitafsiri. Nami nikatafsiri kama Baba alivyonifunza, bila "anasema". Nikasimama pale na kusema kwa sauti, mahakama nzima ikisikia: mimi sina wa kumwapia. Nilikuwa naye zamani. Kwa sasa sina.

Mama, nimesema "mimi" ya watu maelfu. Ile ndiyo ya kwanza iliyonikaa. Ilinikaa kama kiatu changu mwenyewe. Hakimu akaandika, sheria inaruhusu, mzee akaahidi kusema kweli, kesi ikaendelea, nami nikatafsiri mpaka saa za kazi zikaisha.

Nyumbani jioni ile nilipiga magoti pale pale ninapopiga siku zote, kati ya kitanda na meza ya pasi. Nikaanza kuomba na nikaisikia sauti yangu. Ilikuwa sauti ya kazini. Safi, haina haraka, haina makosa. Nikajua kwamba natafsiri. Kila "mimi" niliyomwambia Mungu tangu ile kreti ya soda ilikuwa ya Baba. Nilikuwa nimeyabeba maneno yake salama salimini kutoka upande mmoja hadi wa pili na sikumwaga hata tone, ila hayakuwa yangu. Basi nikanyamaza nione yangu ni yapi. Nikangoja. Nikangoja na jioni ya pili, na wiki, na mwezi, na haki ya Mungu, ona, ulimi una mazoea yake, hakuna kilichokuja.

Siamini tena, Mama. Nimeliandika. Sijamkasirikia mtu, hakuna mchungaji aliyenikosea, hakuna kitabu nilichosoma, na mlinilea vizuri kuliko nilivyostahili. Siamini tu. Na usidhani nashangilia. Jumapili bado naamka mapema, naoga, navaa, kisha nakaa kitandani na viatu miguuni sijui pa kuvipeleka. Nyimbo naziimba nikiosha vyombo, nafika kwenye jina Lake, nanyamaza, naendelea na kijiko. Naumia. Nilimpenda.

Sasa la kufanya. Najua umelia, jipanguse. Rudi mwanzo na umsomee Baba barua yote, hata ile sehemu niliyomdanganya kuwa ni mambo ya wanawake. Msomee kabla Shangazi hajafika. Ukifika pale nilipoandika siamini, najua mdomo wako utakataa. Utataka kusema anasema haamini, na sitakulaumu, neno hilo hujawahi kulitamka maishani mwako. Lakini nakuomba, Mama, nakuomba sana. Usiseme "anasema". Soma "siamini", kama lilivyo, ulitamke zima. Ni mara moja tu. Usiniache peke yangu pale mbele yake.

Akishasikia, muulize kama bado ananitaka. Yule mhubiri mgeni nilishindwa kumsemea kwa sababu kanisa zima lilidhani ile "mimi" ni yangu pia, na yeye mwenyewe alidhani hivyo. Baba akijua, ni tofauti. Nitasimama pembeni yake, begani, aniguse ajue nipo, na akisema "naamini" nitasema "naamini", kwa sauti yake yote, wala sitamwacha peke yake hata kwa silabi moja. Yeye na mimi tutajua ni ya nani. Na kama hataki, hilo nalo ni haki yake. Nitakuja hata hivyo, nitakaa benchi la nyuma na wageni wa kiwandani, nimsikilize kwa lugha yetu, ambayo mimi na yeye hatuhitaji mtu katikati.

Muuguzi anarudi huku Jumatatu. Jibu la Baba lisiandikwe, na Shangazi asilitie mkono. Alitamke mwenyewe, na wewe umwambie muuguzi alishike vilevile lilivyotoka, asilipambe. Nimeshamfundisha.

Wasalimu wadogo zangu, na huyo wa mchuzi umwambie namdai sauti yake nene. Mpokee Shangazi vizuri, mpe kile chumba cha mbele, ananipenda na ndiyo maana hatulii. Magoti uyakande kwa maji ya moto kila jioni, hata ukisema hayaumi.

Na hapa pa mwisho pia, Mama, usibadilishe. Soma kama nilivyoandika.

Ni mimi, mwanenu,

Kasuku.