Mheshimiwa kavua saa

Ndugu yangu, tumekwisha. Mheshimiwa kavua saa! Mbele ya vijana wa gereza la watoto, kamera zinamwangalia, kavua saa akanipa nishike, ndipo akanyoosha mkono kuwasalimia.

Na hotuba niliyomwandikia ilisema, "Hawa ni wanangu."

Kijana wa kwanza akaficha mikono nyuma. "Mheshimiwa, mimi nililetwa hapa kwa kupigana. Saa ungebaki nayo tu."

Kavua saa, kaka! Mstari mzima ukaficha mikono.

Kesho walikuwa waende bungeni kuutetea muswada wa kuwafunza kazi badala ya kuwafunga. Wamegoma. Muswada usipopita, mdogo wangu, naye yumo kati yao, anahamishiwa gereza la wakubwa.

Nimemfuata mdogo wangu nimbembeleze. Akaniuliza, "Kaka, na wewe ukaipokea?"