Nilimsingizia Silas kwa Kitufe Nilichokizima Mimi

Shangazi Saleha mpendwa, nakuandikia, nisaidie kabla ya Jumapili, mimi ni karani katika kampuni ya vifaa vya hospitali hapa Jeddah, na Ijumaa moja bosi alituruhusu kwenda na gari la ofisi mchangani nje ya mji, mimi nikaendesha ili mchumba wangu Keziah anione, gari likazama, na kila nilipokanyaga mafuta injini ikakosa nguvu, ndipo dereva wetu Silas akanigongea kioo, "Shuka, karani, hapa si pa kugonga mihuri," akabonyeza kitufe chenye picha ya gari linaloteleza, akatutoa taratibu, na Keziah akapiga makofi, "Huyu ndiye mwanaume wa kupanda naye gari!" wakacheka njia nzima, mimi nyuma nimepakata chupa za maji.

Wivu ulinishika. Jumanne iliyofuata mvua ilinyesha, nikatumwa mtaa wa Al-Rawdah kupeleka nyaraka, nikabonyeza kitufe kile nikidhani ndivyo wafanyavyo madereva hodari, na kwenye kona gari likazunguka likagonga ukingo wa barabara, sikuumia, lakini kwenye ripoti niliandika kwamba Silas alikizima mchangani akakisahau, na sasa makao makuu Riyadh wataamua Jumapili kama wamwachishe kazi, maana yake ikama, kibali chake cha kuishi hapa, inafutwa na anarudishwa kwao. Nilidhani nitafurahi. Nikisema kweli nitafukuzwa, na Keziah ataniacha. Nifanyeje?

Karani mwoga, Jeddah

Mwanangu, kwa hofu nakupa pole, kwa wivu sikupi. Marehemu mume wangu alikuwa na gereji mtaa wa Ghulail miaka ishirini na sita, kwa hiyo magari usinifundishe.

Kitufe kile huzima mfumo wa kuzuia utelezi, ambao huhisi gurudumu linalozunguka bure, ukalishika breki na kuipunguzia injini nguvu. Kwenye lami yenye maji unakuokoa. Mchangani, ambako gurudumu sharti lizunguke kidogo lijikwamue, unakuzamisha, ndiyo maana Silas aliuzima. Je, aliuwasha tena mlipofika lami? Hujui, kwa sababu ulikuwa ukimtazama Keziah. Na hata angesahau, magari mengi ya siku hizi ukiyazima na kuyawasha upya, mfumo hujirudisha wenyewe. Kutoka Ijumaa hadi Jumanne gari hilo liliwashwa mara ngapi? Fundi yeyote atakayeulizwa atauvunja uongo wako kwa swali hilo moja.

Wivu humpata kila apendaye. Kumfukuzisha mwenzako kazi ugenini ni dhuluma. Keziah alimsifu dereva kwa udereva wake, wewe akusifu kwa lipi, kwa ripoti hii?

Jumamosi mwendee Silas umwambie mwenyewe, na akikutukana, nyamaza. Jumapili bosi akifungua ofisi akukute mlangoni na ripoti mpya yenye jina lako, aitume Riyadh mbele ya macho yako. Huenda ukafukuzwa. Fungasha, uende. Kisha mwambie Keziah yote, bila kujitetea. Akibaki, abaki akikujua. Akiondoka, atakuwa amemkimbia mwongo, wala usiseme amemfuata dereva.