Ejo ya Clémentine

Mayfair, Johannesburg
Jumapili, 13 Aprili 2025

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Baba anasema mvua za Kasulu zimelikamata tena, nami nakuombea kila nikikumbuka, na nakumbuka mara nyingi. Sisi wazima. Baba yuko kwenye cherehani sasa hivi, anashona kanzu sita za harusi ya jirani yetu Msomali, na amekataa nimsaidie vifungo. Anasema, "Wewe sasa ni mtu wa ofisi."

Ndiyo, Shangazi, nimepata kazi! Nimeona nikuandikie, nipige picha karatasi nikutumie, kuliko kukupigia. Kwenye simu unanijua: "ndiyo", "hapana", "salama", basi. Karatasi hainikodolei macho.

Ni kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli, huko Turffontein, karibu na uwanja wa mbio za farasi. Wamenichukua kwa mafunzo ya mwaka mmoja katika idara ya rasilimali watu, HR kama wote wanavyoiita. Tangazo lilisema uzoefu hauhitajiki. Nikasema, hiyo sifa ninayo yote. Mkubwa wangu ni Mma Dikeledi, mama mmoja Mtswana mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani, na bado huitafuta ya tatu. Mimi natunza daftari la mahudhurio, napanga mafaili, na kwenye vikao nakaa kimya nikiandika. Kukaa kimya naweza. Wafanyakazi wameshanipa jina: HR Isiyosikika.

Sasa nikuungamie jambo, usimwambie Baba. CV yangu ilikuwa tupu. Jina, tarehe ya kuzaliwa, shule, kisha weupe mtupu kama shuka. Penye lugha niliandika Kiingereza, halafu mkono ukaendelea wenyewe: "Kiswahili, lahaja zote." Lahaja zote, Shangazi! Mimi niliyetoka Tanga nina miaka kumi na mmoja! Mma Dikeledi aliisoma kwa sauti kwenye usaili akasema, "Eish, hii ndiyo tunayoihitaji," maana nusu ya wafuaji ni Wakongo na Warundi. Nami nikatabasamu tu.

Je, huo ni uongo, au ni kutia chumvi?

Mwanao,
Mayasa


Kasulu
21 Aprili 2025

Mwanangu Mayasa,

Marahaba, na hongera sana. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa na kalamu nyekundu mkononi kwa mazoea. Makosa ni mawili tu, sikutajii. Goti lipo, siku hizi linajua mvua kabla ya redio. Msalimie kaka yangu, mwambie ale mchana, asishindie chai.

Hiyo rasilimali watu, enzi zetu iliitwa utumishi, na mkubwa wake afisa utumishi. Nikisikia rasilimali mimi naona madini, naona mtu anachimbwa. Nalipenda jina la zamani, kwa kuwa ndani yake mna mtu anayetumikia wenzake.

Unasema CV ilikuwa tupu. Hivi ni nani aliyekuwa akiwajazia kina mama fomu zao pale msikitini kila Jumamosi, tangu yuko kidato cha pili? Baba yako ndiye aliyenisimulia. Hilo hukuliandika, ukaandika usilolijua.

Kuhusu chumvi: chumvi ni ya mchuzi. Ila sikukaripii sana. Nilipoomba ualimu nami niliandika kuwa najua netiboli, wakanipa timu. Tulifungwa mabao thelathini na moja. Wewe omba Mungu usipewe timu.

Shangazi yako,
Saida


Mayfair
Jumamosi, 17 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo. Natumai u mzima, na goti pia. Baba hajambo. Mimi mwili hauna neno.

Nimepewa timu, Shangazi.

Kuna mama mmoja kwenye mashine za kukunja mashuka, Clémentine, Mrundi. Ana mtoto wa miaka sita, Régis. Jumatano ya tarehe saba na Alhamisi yake hakuja kazini. Kiwandani kwetu kukosa si kosa kubwa ukitoa taarifa siku moja kabla. Usipotoa, na una onyo la nyuma kama yeye, unaitwa kwenye kikao cha nidhamu. Akaitwa, kikao kikawa jana.

Alisema taarifa alitoa. Alimtumia msimamizi wake, Deon, ujumbe wa sauti Jumanne mchana. Deon hajui Kiswahili, aliuacha tu kwenye simu. Kikaoni wakaufungua. Mma Dikeledi akanigeukia: "Mayasa, lahaja zote. Tusaidie."

Ujumbe ulikuwa hivi, naukumbuka kama sura fupi niliyohifadhi: "Bosi, ejo mutoto hospitali. Pardon sana, bosi. Ejo, hospitali."

Neno ejo sikulijua. Lakini dakika chache kabla, Clémentine alipoketi, aliniambia kwa sauti ya chini, "Ejo sikulala, mutoto wangu, moyo unapiga." Nikafanya hesabu ya haraka: ejo ni jana. Basi nikatafsiri kwa Kiingereza: bosi, jana mtoto alikuwa hospitali.

Deon akapiga meza. "Jana? Jana yake ilikuwa Jumatatu! Jumatatu alikuwa kazini!" Mma Dikeledi akaniomba daftari la mahudhurio, ninalolitunza mimi mwenyewe, na kweli, Jumatatu sahihi yake ipo. Ikaonekana Jumatano hakuitolea taarifa, na juu ya hayo amedanganya. Karatasi ya hospitali hakuwa nayo, hospitalini aliambiwa arudi kuichukua. Clémentine alinitazama muda wote kama mtu anayemtazama dereva.

Wamemwachisha kazi. Ana siku tano za kukata rufaa, mpaka Ijumaa ijayo.

Sasa niseme la ndani kabisa. Ile sauti kwenye simu haikuwa ya mtu anayeeleza yaliyopita. Ilikuwa inaomba ruhusa. Niliisikia, Shangazi, masikio yangu yaliisikia. Nilitaka kusema, "Samahani, ngoja nimuulize." Lakini watu wanne walikuwa wananitazama, na kuuliza kungekuwa kukiri kwamba lahaja zote sizijui. Nikanyamaza. Wakaandika.

Wewe umefundisha watoto wa Kirundi miaka mingi. Niambie ejo ni jana. Tafadhali niambie ni jana.

Mwanao,
Mayasa


Kasulu
Jumatatu, 19 Mei 2025

Mwanangu,

Marahaba. Salamu nitakupa nyingine siku nyingine.

Ejo ni jana. Ejo ni kesho pia. Kwa Warundi ni neno moja kwa siku zote mbili, siku iliyo jirani na leo, huku au kule. Ukitaka kujua ni ipi unasikiliza kitenzi. "Sikulala" ni ya jana. Kwenye ule ujumbe wa simu hakukuwa na kitenzi. Mama yule alikuwa anasema kesho, na kesho yake ilikuwa Jumatano.

Nikueleze kwa nini nalijua neno hili vizuri hivyo. Mwaka wangu wa pili hapa nilikuwa na mwanafunzi anaitwa Melchior, Mrundi, mgeni, ametoka ng'ambo ya mpaka na mama yake tu. Nilikusanya madaftari, lake halikuwepo. Nikamuuliza, akasimama akasema, "Mwalimu, daftari, ejo." Mwenzake akanitafsiria: anasema jana. Nikasema, jana ulileta? Mbona sikuliona? Unanifanya mimi mjinga? Nikamchapa viboko viwili mbele ya darasa na nikamwita mwongo. Asubuhi yake nilikuta daftari mezani pangu, limejalidiwa kwa gazeti, hesabu zote sahihi. Ndipo nikaenda kumuuliza mama mmoja Muha sokoni, maana Kiha na Kirundi ni ndugu, maana ya neno lile.

Nilitaka kumwomba radhi. Nikasema Jumatatu. Kisha nikasema, mwalimu kumwomba radhi mtoto, darasa litanionaje? Nikasema mwisho wa muhula. Mwisho wa muhula yeye na mama yake walihamishwa. Ni miaka ishirini na tatu sasa, na nikikaa na kalamu nyekundu bado namwona anavyorudi kukaa, anapangapanga vitu juu ya dawati, anatafuta tu cha kufanya na mikono yake.

Sikuambii la kufanya. Nakuambia Ijumaa ni lini.

Shangazi yako


Kasulu
Jumapili, 25 Mei 2025

Mayasa,

Hujambo? Ijumaa imepita. Nimeangalia simu mpaka mjukuu wa jirani akaniuliza kama nina mchumba.

Kama hukusema, niandikie hivyo hivyo. Sitakupenda pungufu. Ila usiniache nabahatisha.

Shangazi


Mayfair
Jumapili, 8 Juni 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo, na Idi njema. Tulisali jana, jana ya kweli kweli, na Baba alivaa kanzu aliyojishonea mwenyewe, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Anasema mteja asiyelipia asilalamike. Goti lako nimeliombea kwenye sala.

Nisamehe kwa kimya. Nilikuwa nasubiri niwe na mwisho wa kukusimulia.

Barua yako ilifika Jumatatu jioni. Jumanne nilikwenda kazini nikiwa nimepanga maneno, nikayarudisha nyumbani. Jumatano vilevile. Alhamisi nilifika mpaka mlangoni kwa Mma Dikeledi, akasema bila kuinua kichwa, "Kama ni miwani, ipo kichwani, najua." Nikasema sawa, nikaondoka. Nilijiambia labda Clémentine atakata rufaa mwenyewe. Rufaa hujazwa kwa Kiingereza, Shangazi. Fomu nilizipanga mimi.

Ijumaa nikamfikiria Melchior na mikono yake. Nikaingia, nikabaki nimesimama. Kuongea kulinishinda. Basi nikafanya ninaloweza: nilichukua karatasi kwenye printa yake, nikaandika palepale mbele yake, kwa Kiingereza, mistari saba. Kwamba neno ni jana na kesho. Kwamba sikulijua. Kwamba nilikuwa na shaka nikanyamaza. Kwamba lahaja zote sizijui.

Alisoma kwa miwani moja, akabadilisha akasoma kwa nyingine. Kisha akafungua kabati, akatoa faili langu, akaitoa CV, akaniwekea kalamu juu yake.

"Rekebisha," akasema.

Nikakata "lahaja zote".

"Halafu? Andika iliyo kweli."

Nikaandika: Kiswahili cha Tanga. Akaniuliza kuna nini kingine cha kweli, nikaongeza zile fomu za kina mama msikitini. Akaitazama akasema, "Hili la fomu lingekuwapo, nisingehitaji lile lingine." Akaongeza, "Na kosa la kumtumia mwanafunzi badala ya mkalimani ni langu. Nitaliandika. Lako umeshaliandika." Onyo langu limo kwenye faili, Shangazi. Ni karatasi ya kwanza niliyowahi kujipangia mwenyewe.

Jioni ile nilikwenda kwa Clémentine, Rosettenville, na fomu ya rufaa kwenye bahasha. Robot, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, zote zilikuwa nyekundu, nikazishukuru. Alifungua mlango, Régis nyuma yake anakula aiskrimu kwa ajili ya koo, maana alitolewa mafindofindo. Nikamwambia yote. Hakupiga kelele. Alisema, "Hiyo yesterday mi naijua. Nilikusikia unasema yesterday. Nikawaza, huyu amesoma, anajua anakonipeleka." Halafu akaniuliza, "Mbona hukuniuliza? Nilikuwa hapa, karibu yako. Kiti na kiti."

Tulijaza fomu mezani kwake, mimi nauliza, yeye anajibu. Niliuliza kila neno, hata nililolijua. Nilimtumia Mma Dikeledi picha ya fomu kabla siku haijaisha.

Kikao kilirudiwa Jumanne ya tarehe ishirini na saba. Safari hii walimwita mkalimani Mrundi, Belyse, anayefundisha Kifaransa. Karatasi ya hospitali ilikuwepo: kulazwa tarehe saba. Belyse alipoeleza ejo, Deon akacheka akasema, "Sasa hawa wanapangaje miadi?" Clémentine akamjibu mwenyewe, kwa Kiingereza chake, "We come, boss."

Amerudishwa kazini tangu Jumatatu iliyopita. Onyo amepewa kwa ile Alhamisi, maana taarifa ilikuwa ya siku moja. Nililiona si haki sana, na nilisema. Ndiyo, nilisema, kwa mdomo. Halikubadilika.

Jumatatu alipita kwenye dirisha langu la mahudhurio, akaweka sahihi, hakunisalimu. Jumanne vilevile. Jumatano vilevile. Sikumlaumu. Nilimgeuzia daftari upande wake ili aandike vizuri, basi.

Alhamisi, zamu ilipoisha, akaweka sahihi, akasimama kidogo. Akasema, "Ejo." Akaenda zake.

Nilibaki na lile neno. Anaaga, au ananikumbusha? Zamani ningelikalia mpaka Jumapili nikuandikie wewe unijibu. Shangazi, niliacha daftari wazi, nikatoka mbio, mimi, mbele ya watu wote wa zamu, mmoja akapiga mluzi, "HR Isiyosikika inakimbia!" Nikamkuta getini.

"Mama Régis, samahani. Ejo ipi?"

Alinitazama kama anapima shuka kama limekauka. Kisha akacheka kidogo, kwa pua.

"Ile inayokuja, mutoto," akasema. "Ile nyingine tulishaikunja."

Mwanao,
Mayasa