Papa, Kazi Yako Imewekwa Rafuni

Papa wangu wa moyoni,

Yule mama muuza chapati wa Nyamityobora, mtaa wetu wa Mbarara, aliyekuwa akikaanga karibu na mlango wa chumba chetu, alikuwa amekwenda kwao muda mrefu kuuguza. Amerudi hivi karibuni, wala hakuwa na habari. Aliniona napita, akaniita huku akigeuza chapati: "Mtoto wa mzee, huyo mzee wako yuko klasi gani sasa?"

Nikamwambia, "Alimaliza."

Alifurahi kweli. Akafunga chapati mbili kwenye karatasi, akasema moja nikupelekee, zawadi yake kwa mzee aliyemaliza chuo. Nilipokea kwa mikono miwili nikaondoka. Nilizila zote nikitembea, machozi yakinitoka mbele za watu, nikaona siwezi kukaa tena bila kukuandikia.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichopigia soga, mimi na wewe. Kirundi kilikuwa cha Mama na cha sala. Kifaransa ulikisomea ukakitumikia. Kiingereza kilikujia umri umekwenda, ukawa unakitamka polepole kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Lakini Kiswahili ulikulia nacho mitaani Bujumbura, na kila jambo kubwa uliloniambia, uliniambia kwa lugha hiyo.

Unakumbuka siku uliyotutangazia kwamba unarudi shuleni? Tulikuwa shambani Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, tunapalilia maharage, na ardhi ilikuwa imelowa vizuri baada ya mvua. Ulisema tu, bila kunyanyua uso, kwamba umepata nafasi ya kusoma Mbarara, na ada italipwa na wafadhili. Mama akaacha jembe.

"Unaenda kusoma nini tena, na mvi mingi hivi?"

"Kusimamia bibliyoteki."

Mama alicheka mpaka akaketi kwenye tuta. "Hapa hatuna hata kabati. Utasimamia bibliyoteki gani?"

"Itakuwapo," ukasema, ukaendelea kupalilia.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nakumbuka ile bibliyoteki, maktaba ya chuo ulichofanyia kazi Bujumbura, jinsi ulivyokuwa ukinipitisha kati ya rafu nikiwa mdogo na kuniambia nisiburute miguu. Tulipokimbia ulibeba godoro na mdogo wangu mgongoni, hukubeba kitabu hata kimoja. Miaka yote ya Nakivale hukuzungumzia maktaba ile. Nilidhani umesahau. Siku ile shambani nikajua kwamba hukusahau hata kidogo.

Ikatokea kwamba mwaka ule ule nami nikapokelewa kusomea utabibu. Basi tukapanga chumba kimoja, baba na binti, wote wanafunzi, pazia katikati. Kwangu hiyo ndiyo miaka mizuri kuliko yote tangu tuondoke kwetu, na sikulijua hilo wakati ule. Asubuhi ulipiga shati lako pasi ya makaa, hata siku usizokuwa na kipindi. Tulikunywa maziwa ya moto na kugombania kiti chetu cha pekee. Jioni ulinisomea somo lako nami nikakusomea langu, tukachanganya magonjwa na mpangilio wa vitabu mpaka jirani akauliza kama tumeanzisha redio.

Ulipofika wakati wa utafiti ulichagua jambo ambalo mwanzoni hata msimamizi wako aliliona dogo: kwa nini wanafunzi wa tiba wanawahudumia wagonjwa wodini bila vitabu, ilhali vitabu vipo, vimefungiwa maktabani upande wa pili wa mji. Ukawa unakwenda kuwauliza wao wenyewe, mmoja mmoja, kwenye vivuli vya majengo. Ulirudi siku moja ukiwa na furaha isiyo na kifani. Mwanafunzi mmoja, kijana wa Kinyankore, alikuwa amekuambia: "Mzee, mgonjwa hasubiri maktaba ifunguliwe." Uliirudia sentensi hiyo chakula kizima. Ukasema, "Memwari yangu yote ni hayo maneno. Yaliyobaki ni maelezo." Memwari, tuliita hivyo tasnifu yako, kama watu wa kwetu wanavyoita.

Katika kipindi hicho ndipo ulipoanza kupiga vitu teke. Kidumu cha maji mlangoni. Kibao cha jirani. Tulipokwenda Nakivale mwisho wa muhula ulitembea juu ya miche ya Mama kana kwamba haipo, naye akafoka: "Papa yenu kichwa chake kimebaki kwenye vitabu." Tulicheka, nawe ukacheka. Hakuna aliyewaza ugonjwa. Hukuumwa, macho hayakuwa mekundu, na kitabu ulikisoma sawasawa ukikiweka mbele yako.

Halafu mwalimu wetu akatufundisha namna ya kupima upana wa kuona bila chombo chochote, akatuagiza tukajaribu nyumbani. Nikakuketisha kwenye kiti chetu, nikakaa kitandani mbele yako, jua la mchana likiingia mlangoni. Nikakuambia uzibe jicho moja.

"Tazama pua yangu, Papa, usiangalie pembeni. Ukiona kidole changu, sema."

Nikaleta kidole kutoka upande. Ukatulia. Nikakisogeza zaidi. Ukatulia tu, mwanafunzi mtiifu, unatazama pua yangu. Mimi nilikuwa nakiona kidole changu wazi kabisa, kinacheza hewani karibu na shavu lako.

"Unakiona?"

"Bado hujakileta," ukasema.

Nikabadilisha jicho. Ikawa vilevile. Nilijua kabla sijashusha mkono. Nawe ulinitazama usoni, mahali pekee ulipokuwa bado unapaona vizuri, ukajua kwamba nimejua.

Kwenye kliniki ya macho walikupima, daktari akakueleza kwa upole. Ni presha ya macho. Inapanda kimya kimya, inaua mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, huanza pembeni na kula kuelekea katikati, na kilichokufa hakifufuki. Dawa ya matone ingelinda kilichobaki, labda. Uliuliza swali moja tu: "Kitabaki mpaka nimalize kuandika?" Daktari alisema anatumaini.

Tukiwa njiani kurudi uliniambia, "Mama yako usimwambie bado. Ana mizigo mingi." Nikakubali. Hata hivyo alijua kabla hatujamwambia, maana tulipokwenda tena Nakivale alikukuta unashika ukuta kwenda chooni mchana wa jua. Kesho yake aliondoa mawe yote uani, akasogeza mafiga mbali na njia yako, akafunga kamba kutoka mlango wa nyumba hadi choo, na wewe ukaishika kamba ile. Sijawahi kuwaona watu wakipendana kwa namna ile.

Mimi nikabadilisha utafiti wangu. Nilikuwa nimepanga kuandika juu ya malaria, kama karibu kila mtu darasani. Nikaomba niandike juu ya presha ya macho kwa wazee wa Nakivale, wangapi wanayo na hawajui, na kwa nini wanakuja kliniki wakiwa wameshachelewa. Ulifurahi, lakini ulinionya: "Usiandike kwa sababu yangu. Andika kwa sababu yao. Ukiandika kwa ajili yangu utalia kwenye kila ukurasa, na mwalimu hatakupa alama kwa machozi."

Basi tukawa watafiti wawili chumba kimoja. Ulipochoka kusoma nilikusomea. Uliniamuru niandike unavyosema, ukafumba macho, ukapanga sura nzima kichwani kama mtu anayepanga rafu, hiki hapa, kile pale, mpaka nikashindwa kuendana nawe.

Siku ya kuitetea memwari nilikaa nyuma kabisa. Ulivaa koti la kuazima. Ulisimama mbele ya walimu bila karatasi, na wengi hawakujua kwamba hukuwa na njia nyingine. Mmoja wao akakuuliza, bila ubaya nadhani, kwa nini mtu wa umri wako, mkimbizi mwenye mashaka yake, aitaabikie maktaba ya watu. Ukasema kwa Kiingereza chako cha mawe ya mtoni: "Maktaba yangu niliikimbia nikaiacha mlango wazi. Sijui nani aliingia. Tangu siku hiyo nataka kutengeneza moja nisiyoikimbia."

Walikupitisha, wakataka marekebisho machache.

Na marekebisho hayo ndiyo uliyokuwa ukiyaendea asubuhi ile. Mimi nilikuwa Nakivale, napima macho ya wazee kwenye ukumbi wa parokia. Nilikuwa nimekuomba umsubiri mtu wa kukushika mkono. Ulisema njia ya kwenda maktaba unaijua hata ukiwa usingizini, na kweli uliijua. Lakini pikipiki haikai mahali pamoja.

Kijana wa bodaboda aliyekugonga alikaa nje ya wodi siku nzima. Ni Mwislamu wa pale pale Nyamityobora, tulikuwa tukimwona msikitini tukipita. Nilipofika alisimama akashindwa kunitazama. "Mimi nilipiga honi, dada. Mzee aliangalia mbele tu. Mimi nilifikiri ameniona." Nilimwamini. Nilijua hasa alikotokea, upande ule ambao kwako haukuwa na kitu. Nikamweleza, akaketi chini akalia, nami sikuwa na nguvu ya kumnyanyua.

Ulinitambua kwa sauti. Nilikuwa nimetoka Nakivale bila kusimama popote, nina vumbi mpaka kwenye kope, nimejiandaa kwa maneno makubwa ambayo baba humwachia mtoto. Ukaniuliza, "Umekula?"

Nikasema nimekula. Ulisema vizuri. Ukalala, na hukuamka tena.

Tulikuzika Nakivale, kwenye mwinuko, ziwa linaonekana kwa chini. Padri alisali kwa Kirundi. Yule kijana wa bodaboda alikuja na wenzake, wakashika sepetu pamoja na watu wa kwetu, na Mama aliwagawia maji ya kunawa kwa mikono yake mwenyewe.

Marekebisho niliyamaliza mimi na msimamizi wako. Hayakuwa mengi. Kulikuwa na mahali ulipoacha sentensi katikati, nikamwomba msimamizi tuifute kuliko kuimalizia, naye akakubali. Chuo kikaipokea. Wamefungua pia chumba kidogo cha vitabu karibu na wodi. Sitasema ni kwa sababu yako, pengine walikuwa na mpango huo zamani. Lakini nimewaona wanafunzi wakikimbilia pale na makoti yao meupe, wanafungua kitabu wakiwa wamesimama, wanarudi kwa mgonjwa. Naangalia kwa muda, halafu naondoka, kwa sababu huwa nakutafuta ili nikuambie.

Kuna jambo jingine, Papa. Ugonjwa huu hutembea katika damu, na mimi hupimwa kila mwaka. Safari hii daktari alirudia kupima. Presha imeanza kupanda. Mshipa bado uko salama, amesema tumewahi, na nimepewa matone. Ninayatia kila jioni kabla ya kulala. Nawafundisha watu kutoogopa dawa hii, lakini siku ya kwanza niliposhika kile kichupa nilitia tone shavuni, nikalia. Sikuwa nalilia macho yangu. Nililia kwa sababu wewe pia ungewahiwa, kama angekuwapo mtu wa kukupima mapema.

Juma lililopita nilimleta Mama maktabani. Alikuwa ameniomba tangu msiba. Alivaa kitenge chake cha misa. Msaidizi wa maktaba akatuletea memwari yako, jalada jeusi, akasema kwa heshima kwamba haitoki nje ya chumba, isomwe pale pale. Mama hasomi Kiingereza. Aliniuliza, "Jina lake liko wapi?" Nikamwonyesha, akaliwekea kidole, akakaa hivyo. Kisha akasema, "Nisomee." Nikamtafsiria kwa kunong'ona, ukurasa wa kwanza, wa pili, mpaka yale maneno ya mgonjwa asiyesubiri. Watu waligeuka kututazama. Yule msaidizi alikuja kutunyamazisha, akamwona Mama alivyoinama, akarudi zake.

Mama alikifunga kitabu akalipangusa jalada kwa upindo wa kitenge. "Nilikuja nikifikiri nitawaomba wanipe nimupeleke nyumbani," akasema. "Hapana. Tumuache. Hapa ni fasi yake." Akanyanyuka akakirudisha mwenyewe.

Tulipotoka nikamketisha kwenye benchi nikamwambia habari za macho yangu, maana tulikwishaona kwamba kumficha yeye hakuwezekani. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza kama matone yanawasha, nikasema kidogo. Hakulia. Tulipofika barabarani alinishika mkono kwa nguvu, mimi mtu mzima, tabibu, akatazama huku na huku kwa niaba yetu sote wawili, bodaboda zikapita, na hakuniachia hata tulipokwisha kuvuka.

Mahindi ya Mama yameshika mwaka huu, Papa, mvua haikutuvunja moyo. Lala, nasi tupo.

Ni mimi,
kifungua mimba wako