Kitufe cha Kijani

Jumatatu, 7 Juni 1999

Rasimu ya tisa imerudi. Safari hii Meneja hakuandika neno, amepiga mstari mwekundu kutoka kona hadi kona. Anataka mkataba uenee kwenye skrini tano. Mimi nilikuwa na kumi na nne.

Kampuni inatafuta dhahabu upande wa Kharumwa. Sheria inataka ridhaa ya mwenye shamba kabla mtambo wa kuchoronga, wa kutoboa mashimo ardhini, haujaingia kwake. Zamani watu walitia dole gumba kwenye karatasi. Karatasi zililoa, nyingine zikaliwa na mchwa stoo. Sasa makao makuu Dar es Salaam wanataka mkulima akubali kwenye kompyuta: abonyeze kitufe, jioni rekodi iende kwao kwa mtandao, kupitia waya wa simu. Maneno ni kazi yangu. Programu ni kazi ya Firozi. Huyu ni mtoto wa mwenye duka la vipuri hapa mjini Shinyanga, kasomea kompyuta Nairobi. Ananiita Wakili, ingawa nimemaliza chuo mwaka jana tu na kortini sijawahi kusimama.

Miezi yangu sita ya majaribio inaisha tarehe 31 Julai. Sitaki kurudi kumsaidia shangazi kuuza vitenge. Naogopa.

Alhamisi, 10 Juni

Asiyejua kusoma anakubalije maandishi? Nimezunguka na swali hili siku nzima. Sheria ya Mikataba inasema ridhaa huru. Haisemi ridhaa inaonekanaje usoni mwa mtu.

Firozi ametoa jibu: sauti. Tumerekodi stoo, mablanketi yametundikwa madirishani kwa sababu ya mashine ya kukoboa mpunga ya jirani. Sauti ni yangu. Sikuipenda. Ni ya mtu anayejifanya mkubwa. Mkataba wote unachukua dakika nne: njia ya gari, mashimo, mazao yatakayoharibika, haki ya kukataa. Firozi amebandika karatasi ya kijani kwenye kitufe cha kulia na nyekundu kwenye cha kushoto. Kijani kukubali, nyekundu kukataa. Mtoto angeelewa.

Jumanne, 15 Juni

Aibu tupu.

Kharumwa, jaribio la kwanza. Watu walisimama mbali na kompyuta kana kwamba itawauma. Sauti yangu ikaanza: "Mkataba huu ni baina ya..." Mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Huyu anayeanza na shamba langu bila hata kunisalimia, ni mtoto wa nani?" Wakacheka wote. Firozi naye. Hakuna aliyegusa kitufe chochote.

Tukarudi Shinyanga. Vumbi hadi kwenye meno. Mzee yule ana haki.

Ijumaa, 18 Juni

Nimeongeza salamu. Skrini ya kwanza: Mwangaluka, salamu ya asubuhi ya Kisukuma. Kisha Mhola? yaani, ni salama? Kisha habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za mvua. Kila salamu mtu anaiitikia kwa kubonyeza kijani, sauti inaendelea. Vidole vinazoea, hofu inaisha, ndipo tunafika kwenye mkataba.

Firozi alinitazama kama mwehu, halafu akacheka mpaka akakaa. "Wakili, hata mashine yako ni Msukuma."

Nimefurahi kupita kiasi. Naliandika hili kwa sababu furaha huwa siiandiki.

Jumatano, 23 Juni

Kaya kumi na mbili kwa siku mbili. Zote kijani. Hata moja haikukataa.

Tuliweka kompyuta juu ya boneti, gari likinguruma ili betri isife, tukasogea boma hadi boma. Mjane mmoja mzee, Mama Masanja, aliiitikia sauti yangu huku amepiga magoti nusu, kama mbele ya mkwe. Nilitaka kucheka. Sikucheka, sijui kwa nini.

Meneja amenipa mkono. Mara ya kwanza tangu Februari. Rekodi zimeshakwenda Dar.

Jumanne, 29 Juni

Mama Masanja amekuja ofisini.

Amefika na lori la pamba. Jina langu halijui. Mapokezi walimuuliza anamtaka nani, naye alikuwa ananisikia nikiongea na simu chumba cha pili. "Ninamtaka huyo," akasema. Amenitambua kwa sauti.

Nikamwamkia. Akaitikia, akaanza: nyumbani, wazazi, kazi, mvua. Zote, kwa mpangilio, amesimama. Nikashtuka kwamba hakuna aliyempa kiti. Nikamletea. Akakaa, akapanga kanga yake magotini. Ndipo akafungua fundo na kuweka mezani kwangu kigingi chenye utepe mwekundu.

"Hiki watu wenu wamekichimbia nyumbani kwangu, kati ya nyumba na kaburi la mume wangu. Wanasema mtambo utapita hapo. Wanasema nimekubali."

Nikamwambia alibonyeza kijani.

"Nilikuwa nakuitikia salamu, mwanangu."

Nikasema baada ya salamu nilimsomea mkataba.

"Salamu zilikwisha saa ngapi? Hamkukaa. Gari lilikuwa linanguruma. Mgeni asiyekaa hana neno, huyo anapita tu."

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Niliuliza, kwa upumbavu, kwa nini hakubonyeza nyekundu. Akanitazama kwa huruma kabisa. "Mtu anakusalimia, utamkatalia?"

Kigingi ameniachia. Kipo hapa mezani, kina udongo wa kwake.

Jumatano, 30 Juni

Kompyuta huandika saa ya kila kitufe, dakika na sekunde. Hakuna aliyewahi kuzitazama. Leo nimezitazama.

Mama Masanja, habari za mvua: sekunde tatu. Mama Masanja, mkataba wa dakika nne: sekunde tatu.

Sauti yangu ilikuwa haijafika hata kwenye neno shamba.

Kumi na mmoja kati ya kumi na mbili ni hivyo hivyo. Aliyesikiliza mpaka mwisho ni mwalimu mstaafu peke yake. Nikamwonyesha Firozi. Akazisoma mwenyewe mpaka chini. Yeye ndiye aliyeruhusu kitufe kuikatisha sauti. "Nilidhani ni ustaarabu," akasema. "Mtu asichoshwe."

Nami ndiye niliyeweka kitufe kimoja kwa salamu na kwa ardhi. Tumelainisha kizingiti mpaka watu wamekivuka bila kukihisi. Nilikuwa najisifu kwa ulaini huo.

Alhamisi, 1 Julai

Nimemwambia Meneja. Amenisikiliza akiwa anatia sahihi barua nyingine.

"Kitufe kilibonyezwa au hakikubonyezwa?"

Kilibonyezwa.

"Basi." Mtambo unafika Kharumwa tarehe 8. Nikasema haiwi ridhaa kama mtu hakujua anaridhia nini. Akafungua kabati, akatoa barua yangu ya ajira, ukurasa wa pili, akauweka mbele yangu kwa kidole. Rekodi za kampuni zisitolewe wala kuzungumzwa nje ya kampuni. Chini sahihi yangu.

Sikumbuki kuuona ukurasa huo. Nilitia sahihi nimesimama mlangoni, mguu mmoja nje, nina haraka ya kwenda kumwambia shangazi nimepata kazi. Mwanasheria mzima. Sijui kama nilitumia hata sekunde tatu.

Ijumaa, 2 Julai

Sikufanya kitu cha maana. Nimezunguka uani kwa shangazi, Ngokolo, tangu nitoke kazini. Shangazi: "Kabula, kaa chini, unanichosha macho." Nikamweleza. Akasema wazee wa Kharumwa waliishi kabla yangu na wataishi baada yangu, kazi huwa haiji mara mbili. Halafu akauliza kaburi liko umbali gani kutoka kwenye nyumba. Hatua kumi na tano, nikasema. Akaendelea kuchambua mchele. Hakunishauri tena.

Najichukia ninavyopiga hesabu. Mwezi mmoja tu, nafsi inasema. Nyamaza mwezi mmoja, uajiriwe, kisha uwe mwema.

Jumamosi, 3 Julai

Nje ya kampuni. Ndivyo ukurasa unavyosema. Makao makuu si nje.

Nimeandika kurasa tatu kwa Meneja, nakala Dar es Salaam, pamoja na jedwali la saa. Sikuandika habari ya huruma. Nimeandika kwamba siku mtu mmoja akienda kortini, rekodi tunayoitegemea ndiyo itakayotuhukumu, kwa sekunde. Nakala ya Meneja nimeiweka mezani kwake kwanza. Asije akasema nilimpitia nyuma.

Firozi alipiga simu ya mtandao. Ile milio ya waya. "Bado unaweza kuifuta, Wakili." Nikaisoma yote tena, toka juu. Nikaituma mwenyewe.

 

Jumatatu, 5 Julai

Jibu la Dar, mstari mmoja: kaya zote zirudiwe kabla mtambo haujaingia.

Meneja hakunisalimia. Mchana akapita karibu na meza yangu: "Tarehe thelathini na moja tutaonana."

Firozi na mimi tumekesha? Hapana, tumemaliza saa kumi jioni, kazi ilikuwa ndogo hivyo. Salamu zote tumezitoa kwenye mashine. Mtu atasalimiwa na mtu. Vitufe havifanyi kazi mpaka sauti imalize, na baada ya hapo jibu halipokelewi siku hiyo hiyo. Mtu analala nalo, tunarudi kesho yake. Kwa nyekundu na kwa kijani nimeandika sentensi zenye urefu sawa. Nimepita sokoni nikanunua vigoda viwili. Muuzaji akauliza kama ninaolewa.

Jumatano, 7 Julai

Sabasaba. Wengine wako kwenye sherehe, sisi Kharumwa tangu jana.

Jana tulizima gari mbali. Salamu tulizimaliza tumesimama. Kisha tukakaa, na watu wakakaa, nyuso zikabadilika. Niliona kwa macho yangu. Wamejua sasa kuna neno. Nikafungua kompyuta.

Mama Masanja alisikiliza dakika zote nne ametazama chini. Akataka arudiwe pale pa njia ya gari. Akasimama, akaenda kaburini, akarudi kwa hatua za kuhesabu. "Njooni kesho."

Leo alibonyeza nyekundu. Kwa dole gumba, kama zamani kwenye karatasi, akalikandamiza muda mrefu ili lishike.

"Imesikia?"

"Imesikia, mayu," nikamwita mama kwa Kisukuma.

"Haijanikasirikia?"

Firozi akasema mashine haina hasira, mwenye hasira yuko Shinyanga. Nikamkanyaga mguu. Mama akacheka, akatupatia karanga za njiani.

Wanane wamekubali, wanne wamekataa. Mwalimu mstaafu amekubali tena, akalalamika kwamba safari ya kwanza ilikuwa haraka zaidi. Vigingi vitatu tumeving'oa wenyewe, cha nne kipo mezani kwangu ofisini.

Jumamosi, 31 Julai

Barua nilipewa jana. Hawataendelea na mimi. Nimeisoma kurasa zote mbili, nimekaa, Meneja akingoja na kalamu mkononi. Hakuna uongo ndani yake. Nikatia sahihi kwamba nimepokea.

Mtambo ulipita kwa wale wanane, ukazunguka boma la Mama Masanja kwa nje ya uzio wa minyaa. Firozi anasema wiki ijayo mashine inapelekwa kwa wakulima wa Nyarugusu. Sauti yangu bado imo. Dakika nne, bila salamu. Amenipa kigoda kimoja, kingine kinakwenda na gari. Meneja amekiandika kwenye orodha ya vifaa.

Leo nafua. Shangazi yuko barazani. Jirani amekuja na beseni tupu kichwani, wanasalimiana. Watoto. Mguu wa shangazi. Maji ya bomba, yametoka au hayajatoka. Nilikuwa naruka salamu hizi kila siku, nazisikia kama redio ya nyumba ya pili.

Shangazi amemsukumia kile kigoda kwa mguu. Jirani ameshusha beseni, amekaa.

Nimeacha maji yatulie kwenye karai, nisikie.