Bastola ya Darini na Utepe wa Buluu

Kwako Shangazi Irmtraud,

Nakuandikia huku mikono yangu ikinukia lozi na moyo ukinidunda, maana nimeolewa na hata mwaka haujaisha, nina furaha mpaka naona haya kuwaambia wenzangu kazini, na sasa furaha yote hiyo inataka kuniponyoka kwa sababu ya harufu.

Mume wangu anaitwa Henning, ni fundi saa hapa Lübeck, ana vidole vyembamba na masikio makubwa kidogo ambayo jua likiyapiga kwa nyuma yanakuwa mekundu kama jamu, nami nampenda pamoja na masikio yake. Mimi nafinyanga marzipani dukani, vinguruwe na matunda ya unga wa lozi na sukari, na kila jioni hunibusu mikono na kusema, "Mke wangu mtamu mpaka kwenye kucha." Shangazi, nani mwingine anaambiwa hivyo?

Sasa, ile jioni ya kuvunja vyombo kabla ya harusi, wageni walipokuwa wakipasua masahani mlangoni kwetu ili tupate heri, mjomba wake alileta kikombe kikuukuu cha bia chenye picha ya askari wapanda farasi wa enzi za Kaisari wa Ujerumani, akakirusha juu, na Henning wangu akaruka na suti yake mpya akakidaka kabla hakijagusa chini! Akakaa pale katikati ya vigae, amekikumbatia kama kitoto kichanga, na huo ndio ukawa mwanzo wa mkusanyiko wake. Ikafuata kofia yenye mkuki utosini, kisha vifungo na mikanda, halafu akasoma, akafanya mtihani, akapata kibali, akanunua sefu na bastola yake ya kwanza, ya zamani kweli. Anapoieleza macho yanamwaka, nami namtazama tu, hata sisikii anasema nini.

Lakini anayoiota hasa ni ile ya maofisa wa vita vya kwanza vya dunia, yenye mtutu mwembamba na mpini ulioinama. Basi nikamsimulia Bibi yangu Gesche, na Bibi hata kitambaa anachofuma hakukiweka chini. "Hiyo? Baba alikuwa nayo. Iko darini kwenye bati la biskuti, chini ya mapambo ya Krismasi."

Nikapanda ngazi, nikaikuta, na mfuko wake wa ngozi! Nikalia kwa furaha.

"Mpe mumeo," Bibi akasema. "Mimi nitampiga nani nayo, njiwa? Ila usimwambie mtu. Haijawahi kuandikwa popote."

Siku ya kuzaliwa ya Henning ni Jumamosi ijayo, kwa hiyo kila Jumatano naenda kwa Bibi kuisugua kwa sabuni ya unga na kuipaka mafuta ya bunduki ili ing'ae, na imeanza kung'aa, ila nikiitikisa kuna kitu kinacheza ndani kama njugu. Juzi mezani Henning akaacha samaki wake, akaninusa shingo.

"Wiebke, unanuka mafuta ya bunduki."

"Ni marzipani, mpenzi."

"Tangu lini marzipani inapakwa mafuta ya bunduki? Niambie tu. Ana bastola ngapi?"

"Nani?"

"Huyo mwanaume wako wa Jumatano!"

Shangazi, akaenda kulala kwenye kochi na kofia yake ya mkuki kichwani, akikumbatia kile kikombe cha bia, nami nikabaki kitandani peke yangu kama mjane. Je, nivumilie mpaka Jumamosi, au nimwambie sasa niiharibu zawadi? Na nitakapoileta kwa basi ndani ya boksi la keki, nifunge utepe mwekundu au wa buluu? Buluu ndiyo rangi ya wale askari wa kwenye kikombe.

Wako mwenye mapenzi tele,
Wiebke

SHANGAZI IRMTRAUD ANAJIBU

Wiebke, weka chini hiyo sabuni ya unga.

Mwanangu, nimesoma barua yako nimesimama, na nilipofika kwenye njugu ikabidi nikae. Kuna kitu kinacheza ndani ya bastola, unaitikisa, halafu unaniuliza rangi ya utepe! Usiishike tena. Na boksi la keki likae dukani kwenu. Ukikamatwa ndani ya basi na silaha isiyoandikwa, hutalala peke yako kitandani tu, utalala kwingine kabisa, nyuma ya nondo.

Najua unampenda, karatasi yenyewe imelowa mapenzi. Lakini fikiri kidogo. Mumeo amefanya mtihani, amepata kibali, ana sefu. Siku utakapomkabidhi bastola ya magendo, anaweza kupoteza kibali, bastola yake na heshima yake, na utakuwa umemfungia hasara hiyo kwa utepe. Halafu hao wakusanyaji wanapenda kutu na weusi wa miaka. Ukisugua unamfuta uso kipenzi chake. Hilo atakusamehe, ila mpe kikombe cha kahawa kwanza.

Fanya hivi. Leo hii, kabla ya chakula, mwambie Henning kwamba mwanaume wa Jumatano ni baba mzazi wa Bibi Gesche, na alishakufa zamani. Kisha Bibi aongee na mwanasheria, halafu awapigie polisi simu: kuna bastola ya marehemu baba yangu darini, njooni muichukue. Wao ndio waje. Nyinyi msiibebe hata hatua moja. Henning akiitaka, aulize ofisi iliyompa kibali kama inaweza kurudi kwake kihalali. Wakikataa, wamekataa, na ndoa inabaki.

Mfuko wa ngozi waombeni polisi wauache. Na wewe, mwenye mikono ya lozi, umewahi kufinyanga nguruwe akatabasamu; bastola itakushinda nini? Mfinyangie moja ya marzipani, mtutu mwembamba, mpini ulioinama, uitie ndani ya mfuko wa babu. Jumamosi aichomoe mbele ya wageni, aitazame kwa miwani yake ya kutengenezea saa, kisha aing'ate mtutu.

Utepe uwe wa buluu.