Mwite Fletcher, Mama

Leeds, Uingereza

Mdogo wangu Odhiambo,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi isiyomhurumia mtu. Mimi na binti yangu tu wazima. Ni magoti yangu tu yanayolalamika. Je, Mama ameanza kula? Na wewe, unapata usingizi?

Tangu uliponiambia kwamba mashua ya ndugu yetu Fletcher imepatikana tupu katika ghuba ya Karungu, na kwamba ziwa limekataa kumrudisha, sijatulia. Najua wazee wameshachuma tunda la yago lizikwe badala ya mwili wake huku jina lake likiitwa, kama desturi yetu inavyotaka kwa mtu asiyepatikana. Najua pia Mama amelikataa. Alipokunyang'anya simu aliniambia, "Wewe mwalimu hueleza kila kitu. Haya, nieleze: nikimwita kwa jina la mzungu, ataitikia kwangu au ataenda kwa wenye jina lao?"

Unakumbuka tulivyosimuliwa. Fletcher alipozaliwa alilia bila kukoma. Wakayataja majina ya marehemu wetu, babu na shangazi, wajue ni nani anayetaka kurithiwa, wapi! Ndipo Baba akamtaja mzungu aliyechimba naye dhahabu kule Masara, yule aliyefukiwa shimoni. Mtoto akazidi kulia. Mama akalirudia jina lile, na kilio kikakatika.

Basi nimewatafuta hao wenye jina. Zamani Waingereza wengi hawakuwa na majina ya ukoo. Mtu aliitwa kwa kazi yake, kama sisi tunavyomwita mtoto kwa wakati aliozaliwa. Fletcher alikuwa mtu wa kufunga manyoya kwenye mishale ili iruke bila kuyumba. Mishale ikaisha, jina likabaki kwa wajukuu. Jumapili niliwakuta kwenye makaburi ya kanisa la jirani: mwokaji mikate aliyesifiwa kwa kulisha maskini, mwalimu wa kwaya, na baharia mmoja kijana. Mzee anayekata nyasi pale aliniona nimeinama, akacheka.

"Unatafuta jamaa yako?"

"Ndiyo. Mdogo wangu ni Fletcher. Amepotea majini."

Hakucheka tena. Akanionyesha jiwe la baharia. "Huyu hayumo humu. Bahari ilimmeza. Mama yake alitaka tu pawe na mahali pa kumwitia."

Nililia hapo hapo, Odhiambo, mzee mzima.

Msomee Mama haya polepole. Mwambie hawa si watu wa kumnyang'anya mtoto. Wao pia wamezika pasipo mwili. Tunda likishushwa, wazee wasimwite. Mama mwenyewe ndiye amwite, kwa jina lile lile, kwa sauti ile iliyomnyamazisha.

Nisalimie mkeo, na shangazi yetu wa Rangwe. Mjane wa Fletcher mwambie watoto wake ni wangu.

Daktari amenikataza ndege. Kwa hiyo siku ya mazishi iweke simu karibu na kaburi. Nami nataka kumsikia Mama akimwita.

Kaka yenu mkubwa,
Ochieng'